Kasuku wa Bwana Mluzi na Punje Saba za Kahawa

Mastidia na Paulina, wanangu, hamjambo huko Kyerwa. Barua yenu katekista ameniletea hapa Chonyonyo, nikaisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka kuku wakatoka uani. Mara ya pili sikucheka. Mnasema mlikuwa mnapiga pasi, nyumba haina mtu, mara sauti ya mwanamke ikasema barazani, "Usife. Ni mimi nimekupa." Halafu kimya. Paulina akaiacha pasi juu ya shati akakimbilia kwenye migomba. Mnasema yule kasuku wa barazani ameingiwa na roho ya marehemu, na mwisho wa mwezi nyote wawili mnaacha kazi niliyowaachia.

Msiache kwanza. Nisikilizeni.

Mlikuwa mmeniomba pia niwaandikie nilivyofanya kazi miaka yote ile, ili mjifunze. Basi nitaviweka pamoja, maana kwangu ni kitu kimoja. Maandishi yangu mtayavumilia. Nilisoma darasa la ubatizo tu, tukafika kwenye Baba Yetu, nikaolewa. Na habari za kupanda cheo msizitafute humu. Niliingia mtumishi wa ndani, juzi nimetoka mtumishi wa ndani, kilichoongezeka ni maumivu ya magoti.

Niliingia kwenye nyumba ile nikiwa mjane mwenye mtoto mmoja. Mume wangu alikufa kwa homa, na matanga hayajaisha shemeji yangu akasema sasa mimi ni wake. Shemeji yule alikuwa mpigaji. Mke wake wa kwanza meno ya mbele hakuwa nayo, na hakuzaliwa hivyo. Mama yangu akamchukua mtoto, akaniambia kule kwenye milima ya Kyerwa wazungu wanachimba bati, wanatafuta mwanamke wa kufua, nenda kabla hawajaja kukuchukua. Nikatembea siku mbili. Shemeji akatuma neno nyuma yangu: kazi ikinishinda, njia ya kurudi ni ya kwake tu. Hilo neno nililibeba miaka mingi. Kila nikivunja kikombe nilikuwa nauona uso wa shemeji.

Siku ya kwanza nilipofika uani kwa Bwana, nilisikia bibi kizee anacheka. Kicheko cha mtu asiye na meno, kirefu, kinakwenda juu halafu kinakatika. Nikasema shikamoo. Kicheko kikarudi. Nikasema tena shikamoo, mgeni mwenye adabu haachi salamu hewani. Mpishi akatoka jikoni na mwiko, akaniangalia, akasema, "Mwanangu, umemwamkia ndege."

Ndiyo nikamwona. Alikuwa barazani juu ya gogo kavu, ana mnyororo mwembamba mguuni. Mnamjua, lakini mimi nilikuwa namwona mara ya kwanza, na hakuna aliyeniandaa. Kijani mwili mzima kama jani la mgomba lililooshwa na mvua, paji la uso jekundu, nyekundu tena nyuma ya jicho kama mtu aliyepakwa, mabegani rangi ya kaa la moto, na akikunjua mbawa, bluu. Halafu ule uso, ngozi tupu kama ya mtu aliyenyoa. Na mdomo. Mtumishi aliyenitangulia, kijana wa Bugene, aliondoka na ncha ya kidole kimoja pungufu. Nikawaza, Mungu wangu, nimemkimbia shemeji nimekuja kwa huyu.

Mpishi jina lake Mzee Feruzi. Alikuwa mtu wa Pwani, Mwislamu, mwembamba, kofia yake nyeupe hata moshi wa kuni ulikuwa unaiogopa. Yeye ndiye mwalimu wangu, sikupata mwingine, na yeye nilimweleza habari za shemeji. Sheria yake ya kwanza ilikuwa jikoni kwake sote tuseme Kiswahili, maana yeye Kinyambo chetu hakijui na hataki kusengenywa hali anasikia. Ndiyo maana mnaona Kiswahili changu kina Pwani kidogo.

Alinifundisha pasi. Ile yenye jogoo wa chuma mbele wa kufungia kifuniko, ambayo Paulina ameunguzia shati. Mnajaza mkaa uliokwisha kushika, si unaotoa moshi. Mnakwenda nje kuipunga ili majivu yatoke, mnaijaribu kwenye kitambaa kibovu, ndiyo mnarudi kwenye nguo nyeupe. Kola mnatia wanga wa muhogo mwepesi, ukizidi Bwana anatembea shingo kama ana jipu. Mzee Feruzi alikuwa akisema, "Jogoo huyu ndiye ndege wa kazi. Yule wa barazani anakula bure."

Bwana mwenyewe tulimwita Bwana Mluzi. Alikuwa anapiga mluzi tangu anavaa viatu mpaka anavua. Akipiga mluzi, nyumba inapumua. Akinyamaza, kila mtu anaangalia miguu yake. Hakuwahi kumpiga mtu mbele yangu, lakini kunyamaza kwake kulitosha. Nimewaona wanaume wa machimbo, wenye mikono kama mapande ya mbao, wanaumauma maneno kwa sababu tu Bwana ameacha kupiga mluzi.

Kabla ya kuja kwetu alikuwa amechimba bati nchi inaitwa Bolivia, Amerika ya Kusini huko, milima ambayo hii yetu ni vichuguu. Aliniambia ndege huyo anatoka kwenye mabonde ya milima ile, makavu, yana miba na mipungate, wanataga kwenye majabali ambapo mtu hafiki bila kamba. Alimpata akiwa kinda bila manyoya, akamlea mkononi. Jina lake Paraba. Huko kwao ndivyo wanavyowaita wote wa aina yake, yaani ni kama mtoto wako umwite Mtu. Kile kicheko alikichukua kwa bibi mmoja wa huko aliyekuwa akimpikia Bwana. Bibi mwenyewe alikufa zamani. Kicheko kikapanda meli kikaja Kyerwa.

Na Bwana akaniambia neno moja, lishikeni. Akasema huyu ndege maneno ya kila siku hayashiki. Mwambie habari za asubuhi mwaka mzima, hasemi. Anashika lile ambalo mtu amelitoa tumboni, akiwa na furaha sana au hofu sana. Mimi nikaitikia ndiyo Bwana, nikaendelea kufagia.

Miezi ya kwanza niliishi kwa hofu tu. Niliogopa mdomo wa ndege, niliogopa kimya cha Bwana, niliogopa kila mgeni anayepanda kilima asije akawa shemeji. Chakula cha Paraba niliweka kwa mti mrefu, sahani imefungwa mwishoni. Karanga, mahindi mabichi, papai, mkate uliokaushwa. Alikuwa anavitupa chini kimoja kimoja huku ananiangalia kwa jicho moja. Mzee Feruzi alikuwa na vita vyake mwenyewe na ndege. Ndege alikuwa amejifunza kikohozi chake, cha asubuhi kile kirefu chenye kamasi, na alikuwa anakohoa mbele ya wageni wakiwa mezani. Siku moja wageni wakacheka, mzee akaweka bakuli chini akasema mbele yao wote, "Siku moja huyu nitamtia nazi." Wakacheka zaidi. Hata Bwana alicheka siku ile.

Mwaka uliofuata, nzige walipokuwa wamepita na majani yameanza kurudi, Bwana akaitwa Bukoba kwa shughuli za siku nyingi. Hakuwahi kumwacha ndege muda mrefu hivyo. Siku ya tatu Paraba akaacha kula. Siku ya nne akaanza kujinyofoa manyoya ya kifua, moja moja, anayaangusha barazani. Hakupiga kelele tena. Mimi niliyekuwa namwogopa akipiga kelele nikamwogopa zaidi akinyamaza, kama bwana wake. Nikawaza Bwana akirudi akamkuta amekufa, atanyamaza, halafu nitashushwa kilima, na njia ya chini ni ya shemeji tu.

Hapo ndipo akili yangu ikafanya kazi, na afadhali ingelala. Nyie ni watu wa huku, mtanielewa kabla sijamaliza. Nilikaa pale chini ya gogo nikamfikiria. Nikasema, huyu ni mgeni. Ametoka mbali kuliko mgeni yeyote aliyewahi kufika Karagwe. Je, kuna mtu aliyempokea? Wamempa mnyororo, wamempa karanga, hakuna aliyempa kahawa ya kutafuna. Kwetu, mnajua, mtu akiingia nyumbani hata kama ni mkusanya kodi, kabla ya maneno unamfungulia kikapu kidogo, anachukua punje mbili tatu za kahawa iliyochemshwa na majani ikakaushwa, anatafuna, moyo unakaa. Ukimnyima, umemwambia ondoka. Basi nikaona ndiyo sababu anatuchukia. Miaka yote amekaa mlangoni kwetu kama mtu aliyefukuzwa.

Nilikuwa na kikapu changu, mama yangu alinifungashia. Nikachagua punje tatu nzuri, nikaziweka kiganjani, si kwenye mti mrefu, kiganjani kabisa, maana mgeni hapewi kahawa kwa fimbo. Paraba akashuka kwenye gogo taratibu, akainama, akachukua ya kwanza kwa ncha ya mdomo. Hakuniuma. Akaibana, ganda likapasuka, akala kiini. Zote tatu. Halafu akaninyooshea shingo nimkune.

Wanangu, nilifurahi kama siku ya arusi yangu, na kwa kweli zaidi. Asubuhi yake nikampa nne.

Jua lilikuwa halijafika juu ya paa niliposikia mnyororo unagongagonga. Nikatoka. Paraba alikuwa anaruka juu ya gogo bila kutulia, kichwa kinatupwa huku na huku, mdomo wazi, anahema. Macho yanapanuka na kusinyaa. Kisha miguu ikamwacha, akaning'inia kwa mnyororo kichwa chini. Nikamfungua, akaanguka sakafuni, anatetemeka kama mtu wa homa. Nikajua. Hakuna aliyeniambia, nilijua tu.

Na saa hiyohiyo nikasikia mluzi unapanda kilima. Bwana amerudi siku mbili kabla ya siku aliyosema.

Mluzi ulikatika alipofika barazani. Akapiga magoti. Akamgusa ndege kifuani. Halafu akainuka akaniuliza, kwa sauti ndogo sana, nani amempa nini. Nikaangalia miguu yangu. Akanipa mgongo, akamwangalia Mzee Feruzi aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na bakuli la mchele. Niliona lile neno la nazi linapita kichwani mwa Bwana kama nimeandikiwa ukutani.

Akamwuliza, "Wewe umempa sumu?"

Mzee Feruzi akamjibu kwamba sumu hakumpa. Bwana akauliza, kama si wewe ni nani? Mzee akatazama mchele wake. Bwana akamwambia atakabidhiwa kwa askari wa machimbo na kupelekwa boma Bukoba na kesi ya sumu, akaenda mwenyewe kumwita askari. Kesi ya sumu, kwa mzee wa Pwani ambaye hana ndugu hapa hata mmoja wa kumsemea. Mnajua jela ya wakati ule. Mtu wa umri wake alikuwa harudi.

Mzee hakulia wala hakulalamika. Alinipa bakuli la mchele, akasema, "Angalia wali usiungue." Akajifuta mikono, akaenda kukaa kwenye kizingiti kumsubiri askari.

Nikapiga magoti pale chini nilipo. Nikamshika Paraba, mimi ambaye sijawahi kumgusa ila ile jana, nikambana kifuani kwenye shuka. Moyo wake ulikuwa unakwenda kama cherehani. Nikaweka mdomo karibu na lile doa jekundu nyuma ya jicho lake, nikamwambia, "Usife. Ni mimi nimekupa." Nikasema tena. Sijui nilisema mara ngapi. Nilikuwa namwambia ndege, maana mtu nilishindwa kumwambia.

Nilipoinua macho nikaona kitu. Sakafu ya chini ya gogo, ambapo maganda ya kahawa yalianguka, ilikuwa safi. Asubuhi ile sikuwa nimefagia. Nikageuka kumwangalia mzee kwenye kizingiti.

"Maganda nimeyatia motoni," akasema bila kunitazama. "Wewe una shemeji. Mimi nina kikohozi tu. Nyamaza, mwanangu."

Alikuwa anajua tangu asubuhi. Aliona, akafagia, akaweka kichwa chake pale kichwa changu kilipotakiwa kuwa. Na mimi, nawaambia ukweli kwa sababu ni nyie, moyo wangu uliruka kwa furaha. Dakika nzima. Nilimwona shemeji anarudi nyuma, nikamwona mtoto wangu salama. Dakika hiyo ndiyo ninayoiogopa mpaka leo, si mdomo wa ndege.

Kisha ndege akajinyoosha mikononi mwangu, kucha zikanishika kidole, akashikilia. Nikainuka naye. Bwana alikuwa anarudi na askari, wamefika kwenye mti wa mlimao. Nilipita mbele ya Mzee Feruzi, akanishika nguo, nikaivuta.

Nikasema, "Bwana, mwache mzee. Ni mimi nimempa. Nimempa kahawa."

Akasimama. Nikafungua kwa mkono mmoja kikapu changu kilichoning'inia kiunoni, nikamwonyesha. Nikamweleza habari ya mgeni, maneno yakiniparaganyika, sijui hata kama alielewa. Aliuliza kitu kimoja tu: ngapi? Nikasema jana tatu, leo nne.

Nilifikiri atanipiga. Alinipita akaingia chumba cha kupigia pasi. Pasi ilikuwa mezani, ndani mna mkaa wa jana uliozimika. Akamfungua jogoo, akatoa mkaa, akausaga kwenye kinu cha mzee cha pilipili mpaka ukawa unga mweusi, akauchanganya na maji. Akaniambia nimshike ndege nisimwachie hata akiniuma. Kijiko cha chai, tone tone, mdomoni. Alisema kahawa kwa ndege ni sumu, na mkaa unakunywa sumu. Askari akabaki amesimama na kirungu chake hajui amkamate nani, mwishowe Mzee Feruzi akampa kiti.

Tulikaa hivyo tangu saa tano mpaka saa kumi. Ndege aliniuma mara mbili, alama hii hapa kwenye gumba. Bwana hakuniambia ndege akifa nitafanywa nini, na afadhali angesema, maana nilijisemea mwenyewe kila namna. Saa kumi, jua limeshaingia barazani, Paraba akafumba jicho moja, akalifumbua, akanyea shuka langu kinyesi cheusi tupu cha mkaa. Bwana akaketi chini kama gunia. Baada ya muda mrefu akaanza kupiga mluzi, polepole.

Wali uliungua. Mzee Feruzi alinidai wali ule mpaka siku zake za mwisho.

Adhabu yangu Bwana aliisema kesho yake. Tangu leo, akasema, wewe peke yako utamlisha, maana sasa wewe ndiye unayejua kinachomuua. Ndiyo ilikuwa adhabu na ndiyo ikawa kazi yangu. Na shemeji alipokuja kweli mwaka ule kunidai, Bwana alitoka barazani, akamwangalia, akanyamaza. Shemeji akakumbuka ana ng'ombe wa kukamua Chonyonyo.

Paraba hakusema neno tangu ugonjwa ule mpaka mvua zikaja na kwisha. Hata kikohozi hakukohoa, mzee akaanza kukikosa. Halafu mchana mmoja kuna wageni mezani, Mzee Feruzi anaingia na supu, mara barazani sauti yangu ikasema, mimi mwenyewe niko jikoni mdomo umefungwa, "Usife. Ni mimi nimekupa." Sauti yangu kabisa, na ile pumzi ya kulia ndani yake. Vijiko vikasimama. Niliona aibu na baridi kwa pamoja. Kama ningenyamaza siku ile, mzee yuko jela au kaburini, na mimi nimesimama na sufuria, ndege ananisema mbele ya meza nzima.

Mzee Feruzi hakumwaga supu hata tone. Akageuza kichwa barazani akajibu, "Tumesikia." Akaendelea kugawa.

Tangu siku hiyo ikawa hivyo. Ndege akisema, mzee anamjibu popote alipo, jikoni, kisimani, hata akiwa kwenye sala alikuwa anamaliza kwanza halafu anajibu. Akishajibiwa, Paraba anakung'uta manyoya, anaendelea na karanga zake. Vita vikaja, Bwana akazeeka, akarudi kwao, akasema ndege huyu hataiweza meli nyingine, abaki na nyumba na mabwana watakaofuata, na abaki na mimi. Mzee Feruzi naye kikohozi kilimchukua, tukamzika hapohapo Kyerwa akiangalia Makka, upande wao wa ibada. Nikarithi kujibu. Nilijibu mpaka mwezi uliopita nilipofunga mzigo wangu.

Kwa hiyo Mastidia, Paulina, marehemu hayupo hapo. Huyo mwanamke ni mimi, niko hai, nimekaa kwenye kigoda Chonyonyo nakula ndizi. Pasi muiangalie, kola msizidishe wanga, kahawa zenu mtafune jikoni na maganda myatie motoni. Na mnasema akishasema anakaa kimya, anageuza kichwa upande wa jikoni, anawatazama muda mrefu, na hapo ndipo mnapoogopa zaidi. Wanangu, anasubiri. Mwambieni tumesikia.